Tumbo la Mbuzi Mmoja

Wanawake wanaosuka majani ya mkoma Lodwar hukaa kwenye kivuli cha ukuta wa soko wamenyoosha miguu mbele yao. Mtu akitaka kupita huiruka tu, na wao hawashtuki hata anayeruka akiwa chifu. Lakini siku hizi Namuar akitokea pembeni mwa soko na furushi lake kichwani, miguu yote hukunjwa kwa pamoja. Hakuna anayemtukana. Wanakunja miguu, wanaangalia vikapu vyao, na mama wa gaidi anapita.

Si zamani sana miguu hiyohiyo ilikuwa inanyooshwa makusudi ili asipite. "Kaa hapa, wewe mwongo, tudanganye kidogo!" Na Namuar anakaa, anaomba tumbako, anadanganya. Ndiye aliyewaambia kwamba mume wake, Esekon, aliletwa na mto Turkwel siku ulipofurika, amekaa wima juu ya mgongo wa mamba kama diwani ndani ya gari jipya, na kwamba ni yule mamba aliyedai ngamia wa mahari. Ndiye aliyesema kuna mwaka jua la Lodwar lilikuwa kali hata kivuli chake kikamkimbia, kikaenda kukaa Kitale, kikarudi kimenenepa. Watu wakicheka anakasirika kabisa. "Unacheka nini? Nenda Kitale, uliza!"

Esekon alikufa kwa homa, kama watu wote, bila mamba. Alimwachia Namuar mtoto mmoja, Adome, fundi wa pikipiki, kijana mrefu asiye na maneno mengi. Ukimsikia mama akieleza habari ya mamba na mtoto akikaza nati pembeni, ungesema maneno yote ya nyumba ile aliyachukua mama, mtoto akaachiwa spana.

Huyo Adome ndiye wanayemwita gaidi. Alikufa kwenye mlipuko karibu na Nadapal, kule mpakani, na kilichobaki cha mwili wake kilichukuliwa na serikali. Namuar hajaonyeshwa hata ukucha. Anataka kitu cha kuzika, na anataka mtu mmoja, hata mmoja tu, aseme kwamba mtoto wake hakuua watu. Zaidi ya hapo hana haja na dunia.

Kabla ya hayo yote alikuja mgeni, ameletwa na upepo. Ilikuwa ile siku mchanga unapanda mpaka mbuzi wanageuka wote upande mmoja, na gari kubwa la kijani likazima kwenye barabara ya kwenda Kakuma, mbele kabisa ya boma la Namuar. Akatoka mzungu mmoja, kichwa kimefungwa kitambaa, macho mekundu. Adome akafungua boneti, akatazama, akasema neno moja, "Pampu." Pampu ya namna hiyo haipatikani Lodwar. Itoke Nairobi.

"Ejok?" Namuar akamsalimu.

"Ejok-noi," mzungu akajibu vizuri, halafu akaendelea kwa Kiswahili safi, kilichonyooka kama shuka la hospitali. "Samahani, mama. Naomba kusubiri hapa kivulini."

"Kivuli ni ya Mungu, kaa. Jina yako ni nani?"

Akatabasamu. "Niite upendavyo."

"Basi wewe ni Ekwam. Upepo ndio imekuleta, na sisi mtoto akizaliwa siku ya upepo tunamwita hivyo. Sikia, Adome, umepata ndugu mzee!"

Mgeni alilijaribu jina lile mdomoni, Ekwam, Ekwam, kama mtu anayejaribu kiatu sokoni, na likamtosha. Namuar hakuuliza tena. Mtu akishapewa jina amepewa, wa kumuuliza lile lingine ni nani, na la kazi gani?

Akakaa kwao akisubiri pampu. Alisema kazi yake ni kutafuta maji chini ya ardhi, na Turkana nani atamfukuza mtu wa maji? Alikuwa mtu wa kupendwa, hilo Namuar halikatai hata leo. Alikula alichopewa. Alichota maji kwa jerikeni pamoja na wanawake, akichekwa njia nzima. Habari ya kivuli cha Kitale aliomba arudiwe, na mara ya pili akauliza kivuli kilipanda gari gani kurudi.

"Kilidandia lori ya mahindi," Namuar akamwambia.

"Na nauli?"

"Wewe, umeona wapi kivuli ikilipa nauli?"

Akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa na sanduku moja tu la chuma ambalo hakutaka liguswe. Siku moja Namuar alitaka kulikalia achambue mkoma, mzungu akaruka, akamletea kiti chake mwenyewe, cha kukunja, akamkalisha kama malkia. "Ni vyombo vya kupima maji, mama. Vinaharibika haraka."

"Kwani makalio yangu ni nyundo?"

Adome aliyekuwa haongei aliinama akacheka na magurudumu ya pikipiki.

Kisha jua likampiga mgeni. Akalala ndani ya kibanda akitapika, anaongea lugha ya kwao na watu wasiokuwepo. Namuar akamwekea kitambaa cha maji kichwani, akamnywesha maziwa ya ngamia kidogo kidogo. Na alipopona, aliposimama kwa mara ya kwanza miguu ikitetemeka kama ya ndama, Namuar akasema huyu si mgeni tena, tumemzaa hapa. Tumchinjie.

Adome akamchoma mbuzi mkuki ubavuni, ngozi ikatandazwa, tumbo likapasuliwa. Namuar akaingiza mkono, akatoa yale majani ya tumboni, ya kijani, yenye moto, ambayo bado hayajaamua kuwa mavi. Akampaka Ekwam kwenye paji la uso, mabegani, kifuani. Lakini mgeni hapakwi peke yake. Lazima akae kwenye ngozi pamoja na mtoto wa nyumba, wapakwe kutoka tumbo moja, na kuanzia hapo ni ndugu. Huwezi kumtakia mmoja mabaya yakamwacha mwenzake. Ukiiosha baraka ya huyu umeiosha na ya yule. Kwa hiyo Adome akakaa kando yake, magoti yamegusana, akapakwa naye. Namuar aliona machozi ya mzungu, akadhani ni harufu.

Pampu ikaja jioni hiyohiyo, Adome akaifunga, gari likanguruma. Ekwam akapakia vitu vyake asubuhi, akaja kuaga.

"Unaenda mpaka wapi?" Namuar akauliza.

"Kakuma. Halafu mbele kidogo."

"Mbele ya Kakuma ni Lokichoggio, na mbele ya hapo ni Nadapal, na mbele ya Nadapal ni nchi ya wenyewe. Adome, vaa akala. Msindikize ndugu yako mpaka mahali nchi yetu inaisha."

"Hapana, mama," mzungu akasema. "Naomba niende peke yangu."

"Mtu amepakwa hawezi toka kwa boma peke yake. Hata mzigo yake habebi mwenyewe. Msindikizaji ndiye anabeba."

"Hapana. Tafadhali. Nakuomba."

Alikuwa amebadilika rangi. Namuar akaona ni haya za wazungu, wale wanaosema hapana kwa chai huku wanatazama birika. Basi akafanya moja ya vichekesho vyake. Akaenda mbele ya gari akalala chini, chali, miguu imenyooka mbele ya gurudumu, akakunja mikono kifuani kama maiti ya padri.

"Pita sasa! Pita juu yangu uende peke yako!"

"Mama, toa miguu," Adome akasema, anacheka, tayari amevaa akala zake za tairi, na paji la uso bado lina kijani iliyokauka.

Mzungu alishika usukani. Alikaa hivyo muda mrefu sana, anatazama mbele. Injini inanguruma, Namuar chini anaota jua na kuimba. Kama kuna mahali dunia ilisimama ikangoja ipelekwe kushoto au kulia, ni pale. Halafu mzungu akafungua mlango wa pili bila kumtazama mtu.

"Panda," akamwambia Adome.

Namuar akaamka akijipangusa vumbi, ameshinda.

Kule Nadapal kulikuwa na mkutano wa amani. Wazee wa pande mbili zilizokuwa zikiuana ng'ambo walikubali kukaa chini ya hema moja upande huu wa mpaka, na walisema wamekaribia kuelewana. Mlipuko ulilichukua hema na waliokuwemo. Jioni ile redio ilisema ni magaidi. Kesho yake ikasema mlipuaji ni kijana wa Lodwar, fundi wa pikipiki, aliyelishwa sumu ya chuki na watu wabaya, na ikataja jina lake na la baba yake: Adome Esekon.

Walikuja maafande kutoka Nairobi, wamevaa kiraia, wakachimba hata shimo la majivu. Namuar akawaeleza yote: upepo, pampu, sanduku, mbuzi. Walikuwa wanasikiliza na kuongea Kiingereza wao kwa wao.

"Mzungu wa nchi gani, mama?"

"Ya wazungu."

"Anaitwa nani?"

"Ekwam."

Mmoja akaweka kalamu chini. "Mzungu anaitwa Ekwam."

"Mimi ndiyo nilimpa."

"Kwenye vizuizi vyote vya barabara hakuna mzungu wa namna hiyo amepita. Hakuna gari hilo. Hakuna mradi wa maji." Akamtazama vizuri, macho yakachangamka. "Ngoja. Wewe si ndiye yule wa mamba?"

Dereva wao alikuwa mtu wa Lodwar. Ndiye aliyewaambia njiani. Wakacheka kidogo, si kwa ubaya, wakafunga mifuko yao.

"Mtoto wangu nitamzika lini?" Namuar akauliza.

"Mwili wa gaidi hautolewi, mama."

Redio iliendelea. Taifa moja kubwa lilisimama huko mataifa yanakokutana, likalituhumu taifa lingine kubwa kwamba ndilo lililotuma watu wake wa siri kuwaua wazee wale, ili vita visiishe, kisha likawasingizia magaidi. Lililotuhumiwa likasema hayo ni madai yasiyo na msingi, na kwamba anayejua sana ugaidi ni huyo anayeshtaki. Kwa kinyozi Lodwar watu waligawanyika kama mashabiki wa mpira, huyu wa taifa hili, huyu wa lile. Ndege zisizo na rubani zikaanza kupita juu, zinalia kama mbu, kulinda amani, walisema. Hakuna taifa hata moja lililomtaja Adome. Alikuwa "mshambuliaji wa hapa". Namuar alikaa na redio sikioni mpaka betri zikafa, akitegea neno sanduku, au neno pampu. Halikutajwa. Baadaye wakubwa wale walipata jambo lingine la kugombania, na hili wakaliacha lilipo.

Ndipo alipokunja ile ngozi ya mbuzi, akaibeba kichwani, akapanda lori kwenda Kakuma.

Aliuliza katika kambi ya wakimbizi mpaka akaonyeshwa nyumba ya Nyamal, mke wa Gatjang. Gatjang alikuwa mmoja wa wale wazee wa hemani. Nyamal alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, amekaa mlangoni anapepeta mtama. Namuar hakuketi.

"Mimi ni mama ya Adome."

Ungo ukasimama. Majirani waliokuwa karibu wakaingia nyumbani mwao mmoja mmoja.

"Umekuja kutaka nini?" Nyamal akauliza. "Nikupe pole?"

"Nimekuja useme kama wewe ulimwona. Wanasema wewe ndiye ulikuwa unapikia wazee."

Nyamal alimtazama kutoka miguuni mpaka kwenye ngozi. Halafu akasogeza jerikeni tupu kwa mguu. "Kaa."

Namuar akakaa.

"Nilimwona. Kijana mrefu, amebeba sanduku kwa kichwa. Alikuwa na kitu ya kijani hapa." Akagusa paji la uso. "Nikamcheka, nikamwambia wewe umelala na mbuzi? Akacheka. Akasema ni baraka ya mama yake. Akasema anaweka tu hii sanduku ya kupima maji, mwenye sanduku anakuja nyuma. Nikampa chai."

"Alikunywa?"

"Alikunywa. Akarudisha kikombe, akaingia kuambia wazee asante. Mimi nikaenda mtoni kuosha vyombo." Nyamal akachukua punje moja ya mtama, akaitazama, akaitupa. "Mtu anajua atakufa hawezi rudisha kikombe. Nilisema hiyo kwa askari. Wakaniuliza kadi ya ukimbizi."

Namuar aliweka mikono yote miwili kichwani. Huyu hapa, mtu mmoja. Alikuwa amemtafuta, amempata, na hakuna kilichobadilika: mtama uko palepale, ndege inalia juu, Adome hayupo. Alikuwa amedhani kutakuwa na kitu.

"Hiyo ngozi ni ya nini?" Nyamal akauliza.

Namuar akaeleza. Alieleza vizuri, bila kuongeza chumvi, kazi ambayo hakuizoea. Alipofika kwenye ngozi moja na tumbo moja, Nyamal akamkatiza.

"Hii baraka inaweza toka?"

"Inatoka. Unamwaga maji juu ya ngozi, unataja mtu na baba yake, unageuza manyoya chini. Baraka inakuwa kinyume. Inamfuata popote ako, hata ng'ambo ya bahari. Inamla."

"Basi mwaga."

"Itamla na Adome. Walipakwa pamoja."

"Adome amekufa, mama. Itamla nini?"

"Huko kwa wafu ako. Atakaa nje, hakuna mzee wa kwetu atampa nafasi kwa moto. Milele."

Nyamal akasogeza ungo kando. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sikia. Serikali yenu haiwezi kumshika. Sisi hatuna hata serikali. Wale wakubwa wanatukanana kwa redio, kesho wanakula pamoja. Mimi bwana yangu nilizika kiatu. Kiatu moja. Mtu mwenye alifanya hii anakula chakula mahali, na hakuna mtu dunia nzima anaweza mfikia isipokuwa wewe na hiyo ngozi yako ya kunuka. Na wewe unaniambia hapana?"

Namuar hakumwambia hapana. Alikaa mpaka kivuli cha nyumba kikahama kutoka miguuni mwake. Alimfikiria Adome nje ya moto, huko, hana maneno ya kujitetea, hakuwa nayo hata akiwa hai. Akafikiria miguu yake mwenyewe mbele ya gurudumu, imenyooka. Halafu akainuka.

"Lete maji."

Wakashuka wote wawili kwenye mto Tarach, ambao wakati ule ulikuwa mchanga mtupu. Nyamal alibeba jerikeni aliyoipangia foleni tangu alfajiri. Namuar akatandaza ngozi, manyoya juu. Akavua shanga zake shingoni, akaziweka mchangani. Akainua jerikeni.

"Taja," Nyamal akasema.

"Ekwam," Namuar akasema.

Akangoja. Nyamal naye akangoja.

"Ekwam wa nani?"

Namuar alifungua mdomo, mdomo ule uliokuwa na jibu hata kwa nauli ya kivuli, na humo hamkuwa na kitu. Mtoto wa jirani yake ni Ekwam. Mwenye kinu pale Lodwar ni Ekwam. Babu yake aliyemzaa mama yake alikuwa Ekwam, na upepo wenyewe ndio huo. Yule mtu hakuwahi kutoa jina, wala la baba, wala la nchi. Lile alilokuwa nalo alipewa na yeye. Kwenye ngozi ile walikaa watu wawili, na mwenye jina na baba alikuwa mmoja tu: Adome Esekon. Maji yakimwagwa yatamjua huyo, na yatampata huyo peke yake.

Akateremsha jerikeni polepole.

"Simjui," akasema.

"Unasema nini?"

"Jina yake. Simjui."

"Mlikaa na yeye! Ulimnywesha maziwa! Ulimchinjia mbuzi, na hukuuliza jina?"

"Nilimpa."

"Ulimpa." Nyamal akacheka, kicheko kikavu, kibaya. "Ulimpa jina, ukampa mbuzi, ukampa mtoto. Na bwana yangu juu yake."

Akachukua jerikeni yake, akaikaza kifuniko, akajitwisha. Maji ya Kakuma si ya kuacha mchangani. Alipanda ukingo wa mto bila kugeuka, na Namuar akabaki chini na ngozi.

Alirudi Lodwar. Alikwenda tena kuuliza mwili, akaambiwa ulikwisha zikwa na serikali, mahali pasiposemwa. Basi akachimba mwenyewe nje ya boma, kwa jembe lililokatika mpini, karibu na pale gari lilipokuwa limezima. Alipeleka habari kwa majirani. Hakuja mtu. Akaikunja ngozi, kwa kuwa hakuna kitu kingine duniani kilichokuwa kimemgusa mtoto wake siku zile za mwisho, akailaza shimoni, akaifukia, akalia kama mama anavyolia. Na alijua anamzika na yule mwingine humohumo, anamlilia na yule. Hakuwa na njia ya kuwatenganisha.

Mchana ule upepo ukaja, kama unavyokuja kila mchana. Mchanga ukapanda, mbuzi wakageuka upande mmoja, Namuar akaingia ndani akajifunika uso. Ulipotulia alitoka na mawe ya kuweka juu ya kaburi. Akazunguka huku na huku, akapapasa kwa mguu, akapiga magoti akapapasa kwa mikono. Ardhi yote ilikuwa sawa, laini, haina alama, kuanzia mlangoni kwake mpaka barabarani.